Tungoje Prosesa Mpya, ao Tununue Sasa?

Maneno ya sekretere wa chama mbele ya mkutano wa wanachama, Kalemie, mwanzo wa mwaka 2026. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Komite imeniomba niseme juu ya ordinatere za biro. Najua kuna watu wamekuja leo kwa ajili ya mkopo wa mbegu, na wanajiuliza kwa nini tupoteze saa nzima na mambo ya mashine. Mnivumilie kidogo. Jina lako la mkopo wa mbegu liko ndani ya hiyo mashine.

Jambo lenyewe ni hili. Wafadhili wametupa dola 1.500 za kubadilisha ordinatere, na tangu Desemba komite imegawanyika. Vijana wetu wanaosoma informatiki wanasema tungoje. Wanasema Intel imeshaonyesha Januari hii prosesa mpya za laptopu, zinaitwa Core Ultra Series 3, na imesema nyingine kwa jina Nova Lake zitakuja mwisho wa 2026. AMD nayo inatayarisha zake za Zen 6. Basi, wanauliza, kwa nini kununua leo kitu ambacho mwaka kesho kitaitwa cha zamani? Akina mama wa sanduku wanajibu: tununue hata leo jioni, mashine imetuchosha, mtu anangoja karatasi yake mpaka mtoto mgongoni analala na kuamka.

Nimesikia pande zote mbili. Nitasema ninachoona mimi, kisha mtakata shauri.

Tuanze na kile tulicho nacho. Biro iko na ordinatere tatu. Ile kubwa ya mezani ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 3. Laptopu moja ni ya kizazi cha 6, nyingine ni ya kizazi cha 7. Zote zinatembea na Windows 10, na Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ile mashine hazikuzimika, ndiyo maana wengi hamkuona kitu. Kilichokoma ni dawa. Kila mwezi Microsoft ilikuwa inatuma matengenezo ya kuziba matundu ambayo wezi na virusi wanapitia. Sasa matundu mapya yakigunduliwa, sisi tunabaki nayo wazi. Na Windows 11 haizikubali mashine zetu, sababu kwa upande wa Intel inataka, kwa kawaida, prosesa kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0.

Mtu atasema: sisi si benki, nani atatuibia? Hapo ndipo ninaomba wazee wasikilize vizuri.

Ndani ya zile mashine kuna nini? Kuna daftari la wanachama. Kuna mikopo, nani amelipa na nani bado. Lakini kuna pia picha za karatasi zenu: zile fomu za kurudi kwa hiari mlizopewa na UNHCR kabla ya kupanda meli Kigoma, vyeti vya shule za kambi, karatasi za kuzaliwa za watoto waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Leo huwezi kupanda boti uende kuomba kopi pale, hakuna biro, hakuna mtu. Kwa wengine katika ukumbi huu, ile picha iliyo ndani ya mashine ndiyo imebaki peke yake, sababu karatasi yenyewe iliungua, ililowa, ao ililiwa na mchwa.

Na mnajua inavyokuwa mtoto akikosa karatasi. Sheria yetu inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Zikipita, unaingia njia ya tribinali, unatafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti, unatafuta mashahidi, unalipa. Kijana aliyezaliwa kambini, ambaye leo anataka kuandikishwa kwa mtihani wa Serikali ao kupata kitambulisho, anaanza kwa kuja kwetu kuuliza kama bado tuna ile karatasi yake.

Kuna tena orodha ya pili, ya mashamba. Nani alikuta shamba lake limekaliwa, nani amepatana na jirani, nani bado anangoja chefu wa kijiji. Hapa Tanganyika hatuhitaji kuambiana kwa nini orodha kama ile isitembee ovyo. Na haitembei kwa sababu ya mwizi mkubwa wa Marekani. Inatembea kwa funguo ndogo ya USB. Mtu anatoka kuchapisha picha mjini, anachomeka ile funguo kwetu, na virusi vya mashine ishirini vinaingia pamoja naye.

Sasa nirudi kwa vijana, sababu wamesoma na maneno yao si ya bure.

Prosesa ni nini? Wengi wameniuliza, na wengine wanaona haya kuuliza. Chukueni mama anayekaanga ndakala pale ufukoni. Prosesa ni mikono yake. Ile tunayoita RAM ni meza iliyo mbele yake. Diski ni stoo ya nyuma. Mama akiwa na mikono ya haraka sana lakini meza yake ni ndogo kama sahani, kila saa anainuka kwenda stoo, anarudi, anainuka tena. Wateja wanangoja. Na stoo yenyewe ikiwa na mlango mmoja unaofunguka kwa shida, hata mikono ya malaika haitasaidia.

Ile laptopu yetu ya kizazi cha 6 ina shida ya meza na stoo. Ina RAM ya giga 4 na diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Mama mhasibu anafungua Excel, anafungua barua, anafungua WhatsApp ya ordinatere, basi, meza imejaa, mashine inaanza kukimbia stoo. Mikono yake haijachoka kabisa. Kazi yetu ni kuandika majina, kujumlisha mikopo, kupiga picha karatasi, kuchapisha. Prosesa ya mwaka 2018 inafanya kazi hiyo na muda mwingi bado inakaa inapumzika. Ukimletea mtu huyu prosesa ya mwaka 2026, itapumzika zaidi, ndiyo tofauti.

Kwa hiyo mtu akiniambia tungoje prosesa mpya kwa sababu ina kasi, namuuliza: kasi ya kufanya nini? Angekuwa mtu wa kutengeneza filamu, ao wa kupima ramani kubwa za madini, ningemwambia ndiyo, ngoja, pengine miezi sita ya kungoja itakulipa. Sisi tunachapisha vyeti.

Liko neno moja la vijana ambalo nalikubali bila kugombana, nalo ni umeme. Prosesa mpya za laptopu zinakula umeme kidogo, batri inakaa. Na sisi hapa umeme wetu unatoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, unakuja unapokuja. Siku nyingine tunafanya kazi kwa ile paneli ya jua iliyo juu ya bati. Kwa hiyo matumizi ya umeme ni jambo la kweli kwetu, kuliko kasi. Lakini tuangalie vizuri: umeme mwingi kwetu unaliwa na ile mashine kubwa ya mezani pamoja na skrini yake. Laptopu ya kawaida ya kizazi cha 8, zile ambazo jina la prosesa linaishia na herufi U, prosesa yake ilitengenezwa kwa kiasi cha wati 15. Ukitoa ile ya mezani ukaweka laptopu ya namna hiyo, umeshapata karibu faida yote. Kinachobaki ni kidogo, na si cha kungojea mwaka mzima.

Halafu kungoja kwenyewe. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika kwamba vipande vidogo ndani ya chipu vinaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba tangu miaka 60 iliyopita haijawahi kuwa siku ambayo hakuna kitu kizuri zaidi njiani. Ukingoja Nova Lake, siku inapofika watakuwa wameshatangaza nyingine. Huyu ni sawa na mtu anayekaa bandarini, kila boti inayokuja anasema hapana, nangoja ile ya nyuma yake, nimesikia ina viti.

Mambo haya yameua hata kampuni. Marekani kulikuwa na Osborne. Mwaka 1981 ilitoa ordinatere ya kubeba mkononi, kilo 11 hivi, dola 1.795, na watu waliinunua sana. Mwaka 1983 habari za mashine mpya za kampuni ileile zikatangulia kabla ya mashine zenyewe. Wauzaji wakaacha kuagiza ile ya zamani, kila mtu akangoja. Septemba mwaka uleule kampuni ikafilisika. Wako wanaosema kulikuwa na sababu nyingine pia, na ninaamini zilikuwepo. Lakini mpaka leo watu wa kazi hiyo wanalitaja jina la Osborne wakitaka kusema juu ya mnunuzi anayengoja.

Tena, wa kwanza kununua kitu kipya ndiye anayekijaribu kwa ajili ya wengine. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, zile kali kali, zilikuwa zinaharibika kwa sababu ya volti kupanda kupita kiasi. Intel ilitoa matengenezo na ikaongeza garanti kwa miaka miwili. Vizuri. Lakini garanti ile mtu wa Kalemie anaidai wapi? Utaifunga mashine kwenye karatasi, uipeleke Kigoma kwa boti, kisha Dar es Salaam, kisha ungoje? Mashine ambayo imetembea miaka sita saba mikononi mwa watu, ubaya wake umeshajulikana, na fundi wetu wa hapa anaujua.

Sasa bei, maana najua wengine wanawaza: tukingoja, ya zamani itashuka. Miaka mingine hesabu hiyo ilikuwa sawa. Mwaka huu haiko sawa. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, sababu viwanda vinapeleka chipu za kumbukumbu kwenye majumba makubwa ya akili bandia, huko wanakolipa vizuri. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuacha kabisa kuuzia watu wa kawaida kwa jina lake la Crucial, ambalo mafundi wengi hapa wanalijua. RAM ikipanda, laptopu mpya inapanda, na watu wakishindwa kununua mpya wanakimbilia iliyotumika, nayo inapanda pia. Mwenye kungoja mwaka huu anangoja bei ikimbie mbele yake.

Nitasema neno pembeni, mnisamehe. Ndani ya hizo mashine kuna bati ya kuunganishia, na Manono wametoa bati tangu wakati wa Wabelgiji. Kuna tantali inayotoka kwa koltani. Kuna kobalti ndani ya batri, na kobalti ya dunia sehemu kubwa inatoka Kolwezi na sehemu zake. Mwaka 2014 Intel ilitangaza kwamba prosesa zake hazitakuwa tena na madini ya vita, na ilikuwa inasema juu ya sisi. Basi udongo unaondoka hapa kwa lori, unazunguka dunia, unarudi kwetu kwa dola 1.000 katika boksi, na sisi tunaketi kujadiliana kama tungoje boksi linalofuata. Nafunga mabano.

Wengine katika komite wamependekeza njia ya tatu: tulipie Microsoft iendelee kutuma dawa kwa Windows 10. Njia hiyo ipo. Kwa mtu binafsi na mashine yake ya nyumbani, anaweza kupata mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, na bei ni dola 30, ao bila kulipa kwa masharti fulani. Kwa mashirika bei ya kawaida ni dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, na kila mwaka inajizidisha mara mbili, kwa miaka isiyozidi mitatu. Pigeni hesabu: 61, kisha 122, kisha 244. Jumla 427 kwa mashine moja. Kwa mashine yenye diski inayolia kama panya! Hapana.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki, na komite kwa wingi wake imekubali kukileta mbele yenu.

Tununue laptopu mbili zilizotumika, za kizazi cha 8 ao zaidi, zenye RAM ya giga 8 angalau, 16 tukipata, na diski ya SSD. SSD haina sahani ya kuzunguka, na hiyo kwetu ni zaidi ya kasi: umeme ukikatika ghafula, ao boti ikitikisika, kile kichwa cha diski ya zamani kinaweza kugonga sahani, na karatasi zenu zikaenda. Kwa dola 1.500 tungepata laptopu moja mpya ya kizazi cha sasa, ya wastani, na senti chache kurudi. Kwa bei tulizopewa na wauzaji, mbili zilizotumika zinachukua chini ya nusu.

Hapa niwaonye watakaotumwa kununua, sababu sokoni wanasema tu "Core i5, Core i5", kama vile Core i5 ni jina la mtakatifu. Iko Core i5 ya mwaka 2012 na iko ya mwaka 2020, na si ndugu. Someni namba inayofuata. Ukiona i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ndiyo kizazi: cha 8, tunachukua. Ukiona i5-10210U, ni kizazi cha 10, vizuri zaidi. Ukiona i5-7200U ao i5-6300U, mrudishie kwa heshima, hata akiapa kwa mama yake. Na usisome karatasi iliyobandikwa nje, karatasi hubandikwa na mtu yeyote. Washa mashine, fungua sehemu ya mfumo, soma mwenyewe. Ikiwa Windows 11 imeshaingizwa, hiyo peke yake si uthibitisho, maana mafundi wengine wanailazimisha kuingia kwenye mashine isiyokubalika.

Kisha batri. Laptopu iliyotumika mara nyingi batri yake imechoka, na muuzaji ataichomeka kwa umeme ili usijue. Iko amri moja, powercfg /batteryreport, unaiandika kwenye lile dirisha jeusi, mashine inakuandikia karatasi: batri ilipotoka kiwandani ilibeba kiasi gani, na leo inabeba kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, dai bei ya batri mpya ishuke pale pale. Muuzaji anayekataa usiandike amri ile, mwachie mashine yake.

Zile mbili za zamani hatuzitupi. Laptopu za kizazi cha 6 na cha 7 bado mikono yake ni mizima. Tutabadilisha diski, tuongeze RAM, tuweke Linux Mint na LibreOffice, ambavyo havilipiwi. Linux Mint 22 itapata matengenezo mpaka Aprili 2029. Moja itakuwa ya vijana kujifunzia. Nyingine itakaa biro, bila intaneti, kwa kazi moja tu: kupokea funguo za USB za watu na kuzisafisha kabla hazijagusa mashine ya daftari. Wale waliorudi kwa ziwa wanaijua Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916, ikatolewa majini, ikaanza tena kazi mwaka 1927, na miaka ya 1970 wakatoa mashine yake ya mvuke wakaweka ya dizeli. Hakuna aliyesema tungoje meli mpya huku watu wamekaa bandarini na mizigo. Ile ya mezani ya kizazi cha 3, hiyo ndiyo tutaiuza kwa vipuri.

Pesa inayobaki, na hapa ndipo wafadhili wataniuliza, naomba isiende kwa mashine nyingine. Iende kwa kopi. Tununue diski mbili za nje. Moja ikae biro katika sanduku la chuma, kopi inafanywa kila Ijumaa. Nyingine ikae mbali na ziwa, kwa mtu ambaye mkutano utamchagua, na zibadilishwe kila mwisho wa mwezi. Mmeona maji ya Tanganyika yalivyopanda mwaka 2020, 2021, na tena 2024. Biro yetu haiko mbali na ufuko. Prosesa ya kizazi chochote, ikifikiwa na maji, ni jiwe. Na zile diski zifungwe kwa neno la siri, na neno lile wajue watu wawili, si mmoja, sababu mmoja anaweza kufa ao kukasirika.

Mtu wa mwisho kuniuliza alikuwa kijana wetu mmoja, yeye ndiye anayejua mambo haya kutupita sisi sote, na swali lake lilikuwa zuri. Alisema: baba sekretere, sasa hatutangoja kamwe? Kila wakati tutanunua mabaki ya wengine?

Nilimjibu kwamba iko siku ya kungoja. Ungoje kama mashine uliyo nayo bado inapata dawa yake, kazi inaendelea, na kitu unachokitaka kina tarehe na kina jambo moja litakalobadilisha kazi yako. Ukiwa na hayo matatu, keti, ngoja, utapata faida. Sisi leo tumekosa la kwanza, la pili linayumba, na la tatu hakuna aliyenionyesha. Laptopu hizi mbili tunazonunua nazo zitazeeka. Labda mwaka 2030 zile Core Ultra ambazo leo zinang'aa zitakuwa zimeshuka kutoka maofisi ya Ulaya na Dubai, zitauzwa hapa sokoni kwa bei yetu, na matatizo yake yote yatajulikana. Wakati ule sekretere atakuwa yeye, si mimi, na naomba awe ameshaanza kuweka kando kidogo kidogo kutoka kwa kotizasio, tusiwe tunangoja wafadhili.

Alicheka. Lakini sijui kama amekubali, na ana haki ya kupiga kura yake. Leo tunapiga kura kwa kuinua mkono: kwanza juu ya kununua sasa ao kungoja mpaka mwisho wa mwaka, pili juu ya mtu wa kutunza ile diski ya pili. Akina mama wa sanduku watahesabu, wala si komite.

Na bila kujali kura itakwenda upande gani, kazi moja inaanza Jumatatu. Tunapiga upya picha za karatasi zote za asili, sababu picha nyingi za zamani zilipigwa kwa simu gizani na mhuri hausomeki. Njooni asubuhi, umeme unakuwa mzuri kidogo kabla ya saa sita. Waliozaliwa kambini waje kwanza, na wale wanaongoja tribinali. Leteni karatasi yenyewe, si kopi. Kama imelowa, usiikaushe kwa moto wala usiipige pasi. Iweke katikati ya vitambaa viwili vikavu, uilete hivyo hivyo.